Machozi ya Mamba na Kilio cha Samaki

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kwa watu, lakini yafaa pia kwa maneno. Kiswahili chetu kimepokea wageni wengi, wa Kiarabu, wa Kihindi, wa Kireno, wa Kijerumani na wa Kiingereza, na baadhi yao wamekuwa wenyeji kiasi kwamba hatuulizi tena walikotoka. Ni nani leo anayetaja meza akamkumbuka Mreno, au anayetaja shule akamkumbuka Mjerumani? Wapo hata hivyo wageni ambao si neno moja bali ni fungu zima la maneno, lililobebwa kutoka Kiingereza na kuvikwa kanzu ya Kiswahili. Mmoja wao ni msemo wa “machozi ya mamba”. Umekaa kwetu miaka mingi. Tunaukuta magazetini, kwenye mikutano ya hadhara, barazani na misibani, na sijapata kusikia mtu akiuuliza unaweza kazi gani. Katika kurasa hizi nataka kuupa jembe.

Maana yake kila mtu anadhani anaijua. Ukimwambia mtu kwamba analia machozi ya mamba, unamwambia kwamba kilio chake ni cha uongo. Kiongozi akitokwa na machozi jukwaani, wapinzani wake husema ni machozi ya mamba. Mwanafunzi aliyekutwa na kosa akilia mbele ya mwalimu wa zamu, husemwa vivyo hivyo. Mke akilia mbele ya wazee wa usuluhishi, kuna atakayeinama kumnong’oneza jirani yake: “Ya mamba hayo.” Kwa ufupi, machozi yoyote tusiyotaka kuyaamini tumeyapa jina hilo, na jina likishatolewa kesi imekwisha.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na matumizi yetu. Msemo huu ulipotoka kwao ulikuwa na sehemu mbili, jicho na mdomo. Sisi tumelipokea jicho, mdomo tumeuacha njiani. Ili tuone tulichokiacha, sharti tuirudie njia yenyewe.

Kisa cha mamba anayelia ni cha kale sana huko Ulaya. Katika karne ya 13 mtawa mmoja Mwingereza, ajulikanaye kwa jina la Kilatini kama Bartholomaeus Anglicus, aliandika kitabu kikubwa kuhusu tabia za viumbe na vitu vyote. Humo alieleza kwamba mamba akimkuta mtu kando ya maji humwua, kisha humlilia, kisha humla. Karne iliyofuata kikatokea kitabu cha safari kilichobeba jina la John Mandeville, ambacho kilipotafsiriwa kilisomwa na Waingereza wengi. Nacho kilisimulia juu ya mamba walao watu huku wakilia. Angalia vizuri, ndugu msomaji. Katika visa vyote viwili mamba hakutuhumiwa kwa sababu ya kulia tu. Anatuhumiwa kwa sababu analia na huku anatafuna. Chozi liko juu, nyama iko chini, na uovu wake umo katika kuviunganisha viwili hivyo. Ukiondoa nyama mdomoni, anabaki mnyama mwenye macho maji, na hakuna hukumu ya kutoa.

Kisha kikaja kisa cha pili, na hiki ndicho kilichoupotosha msemo. Mwaka 1564 Mwingereza John Hawkins alisafiri na meli zake, kubwa kuliko zote ikiwa ile iliyoitwa Jesus of Lübeck, akafika pwani ya Afrika ya Magharibi, akakamata watu na kwenda kuwauza ng’ambo ya bahari ya Atlantiki. Miongoni mwa waliosafiri naye alikuwamo John Sparke, aliyeandika habari za safari hiyo, na maandishi yake yakachapishwa katika mkusanyiko wa Richard Hakluyt mwaka 1589. Sparke naye aliwaona mamba, akaeleza kwamba mamba hulia na kusikitika kama binadamu ili mtu amwendee, halafu amkamate. Kwake machozi yamekuwa chambo. Hakuishia hapo. Akaongeza kwamba mwanamke naye yu vivyo hivyo, kwamba aliapo ndipo hudanganya zaidi.

Hebu tutue kidogo hapa. Mtu aliyekuwa ndani ya meli iliyobeba watu waliofungwa, watu waliokuwa wakililia watoto wao na nchi yao, alipata wasaa wa kuwafundisha wasomaji wake ni machozi ya nani yasiyopaswa kuaminiwa. Akayakuta kwa mnyama wa mtoni na kwa wanawake. Chini ya miguu yake, kwenye matumbo ya meli, hakukuta neno la kuandika juu ya machozi. Tangu hapo msemo ukawa na desturi mbaya: anayeutamka ndiye mara nyingi mwenye kitu mdomoni.

Shakespeare, kwa maoni yangu, aliligundua jambo hili kuliko wote. Katika tamthilia yake ya Othello, mume aliyelishwa sumu ya wivu anampiga mke wake Desdemona mbele ya wageni. Mke analia. Mume anasema kwamba kama ardhi ingeweza kutungishwa mimba kwa machozi ya mwanamke, kila tone la huyu lingezaa mamba. Wanafunzi wengi niliowasomesha katika chuo cha ualimu walilipokea tamko hilo kama mfano wa kutumia msemo vizuri, kwa kuwa limo katika kitabu cha bwana mkubwa. Nikawaambia wasome mbele. Desdemona hana hatia hata chembe. Machozi yake ni ya kweli kuliko kitu chochote kilichomo katika mchezo ule. Na yule aliyemwita mamba ndiye anayekuja kumwua kitandani, tena kabla ya kumwua anambusu na kulia. Mwandishi ameliweka neno hilo katika kinywa cha mwuaji. Anayetaka kuutumia msemo huu kwa kufuata mfano wa Othello na ajue amesimama upande gani.

Nasi je, tunaoishi na mamba wenyewe? Hapa Kawajense tuko mjini Mpanda, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, haiko mbali nasi kusini. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hukauka hadi kubaki madimbwi ya matope, viboko wakabanana humo, na mamba wakajificha katika mashimo ya kingo wakisubiri mvua. Kusini zaidi liko Ziwa Rukwa, ambako wavuvi wanamfahamu mamba kama mkulima anavyomfahamu nguruwe mwitu. Siku moja darasani tulikuwa tukichambua misemo iliyotoka Kiingereza, na mwanachuo mmoja aliyekulia kando ya ziwa hilo akainua mkono. Akasema: “Mwalimu, samahani, kwetu mamba halii. Mamba hungoja.” Darasa likacheka, lakini kijana alikuwa amesema neno zito. Watu wanaochota maji mahali penye mamba hawakupoteza muda kutunga hadithi juu ya macho yake. Walifundisha watoto wao kutazama maji yaliyotulia kupita kiasi. Hadithi ya kilio ilitungwa na watu ambao wengi wao hawakupata kumwona mamba maisha yao yote.

Kwa haki, elimu ya leo inasema kwamba jicho la mamba hutoa maji kweli. Ana tezi za machozi kama sisi, na machozi hayo hulinda jicho lake, hasa akikaa nchi kavu kwa muda mrefu. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa Marekani, Kent Vliet na Malcolm Shaner, walitoa taarifa ya uchunguzi walioufanya huko Florida kwa jamaa zake mamba, wale waitwao aligeta na kaimani, waliozoezwa kulishwa nje ya maji. Kati ya wanyama saba waliowatazama, watano walitokwa na machozi kabla ya kula, wakati wa kula au baadaye, na wengine yakatoka na povu. Walidhani kwamba hewa ambayo mnyama huivuta na kuipuliza kwa nguvu anapokula ndiyo inayoyasukuma. Hata binadamu jambo hilo humpata: mtu aliyepooza mshipa wa uso, akianza kupona, huweza kutokwa na machozi kila atafunapo chakula, na madaktari huiita hali hiyo machozi ya mamba. Mgonjwa huyo hamdanganyi mtu yeyote. Basi wazee wa Ulaya walisema kweli juu ya maji, wakakosea juu ya moyo. Chozi peke yake halisemi lolote juu ya moyo wa mwenye kulitoa, awe mamba au mtu.

Kiswahili kilikuwa na neno lake la machozi yanayohusu maji kabla ya mgeni huyu kufika. Wahenga walisema: kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Zitazame methali hizi mbili zikikaa pamoja. Ya Ulaya inamwangalia mwenye meno na kutuonya tusidanganyike na jicho lake. Yetu inamwangalia anayeliwa. Inasema yupo anayelia kweli kweli, tena usiku na mchana, lakini kwa kuwa anaishi ndani ya maji, chozi lake halionekani, na wapitao ukingoni husema samaki hana shida. Ya kwanza yatufundisha kushuku kilio tunachokiona. Ya pili yatufundisha kutafuta kilio tusichokiona. Mtu mwenye busara anazihitaji zote mbili, lakini sisi tumemkaribisha mamba sebuleni na samaki tumemwacha majini. Vijana wengi niliokutana nao katika miaka yangu ya mwisho ya kufundisha waliijua ya mamba. Ya samaki ilibidi kuwafafanulia.

Hasara yake si ya lugha peke yake. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa huku kwetu, alifariki mkulima wa tumbaku na mahindi. Mke wake alilia hata wanawake wakalazimika kumshika. Sisi wanaume tulikuwa tumekaa nje kuzunguka moto. Mmoja wa jamaa za marehemu, aliyefika jioni ile, akasikiliza kilio kile kwa muda, akasema: “Machozi ya mamba hayo. Anasubiri tuondoke auze nyumba.” Wachache wakatabasamu, wengine wakatazama moto. Baada ya kuanua matanga, jamaa hao hao wakahesabu vitu: baiskeli, mabati yaliyokuwa hayajaezekwa, na magunia ya mahindi yaliyokuwa ghalani. Nilisema pale kwamba mahindi yale mama yule ndiye aliyeyalima na kuyapalilia, mtaa mzima ulimwona, na marehemu alikuwa mgonjwa msimu wote. Nikajibiwa kwamba mwalimu amesoma vitabu vingi lakini mila haiko vitabuni. Magunia yakapakiwa. Mama akapanda treni ya Kaliua na wanawe watatu kurudi kwao upande wa Tabora.

Nimelifikiri tukio hilo mara nyingi nikiwa kama mwalimu wa lugha. Yale maneno matatu yaliyosemwa motoni hayakuwa mzaha. Yalifanya kazi kabla magunia hayajaguswa. Mjane alikuwa na kitu kimoja tu cha kumtetea mbele ya mtaa, nacho ni huzuni yake iliyoonekana na wote, na huzuni hiyo ikaitwa uongo. Tangu dakika ile aliyemhurumia alionekana mjinga aliyedanganywa na mamba. Sasa uliza swali ambalo msemo wenyewe unataka tuulize: usiku ule nani alikuwa na kitu mdomoni? Aliyelia hakula kitu. Walioyala mahindi hawakulia.

Wala hili si la mtaa mmoja. Kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa kwa sheria mwaka 1963, na zilizohusu makabila mengi ya Tanganyika, zilimweka mjane mahali pembamba mno katika mali aliyoichuma pamoja na mume wake. Wajane wawili wa Kitanzania waliotolewa katika nyumba zao baada ya kufiwa walikwenda mahakamani, na hatimaye walilifikisha shauri lao mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 kamati hiyo iliona kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Kilio chao kilipita katika maji mengi kabla ya kuonekana. Hao ni samaki, si mamba.

Je, basi nasema msemo huu utupwe? La hasha. Nasema urudishiwe mdomo wake, kwa maana wapo ambao unawafaa kabisa, na mfano mkubwa kuliko yote ulipata kutua katika mkoa wetu huu wa Katavi. Mwezi Septemba mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliwaita mjini Brussels wasafiri na wataalamu wa jiografia wa Ulaya. Aliongea kwa uchungu juu ya Afrika na juu ya biashara ya utumwa, na ikaundwa jumuiya ya kimataifa ya kuleta elimu, amani na ustaarabu. Kituo cha kwanza cha jumuiya hiyo katika maziwa makuu kilijengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier huko Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako leo ni Wilaya ya Tanganyika. Kituo hicho kilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885. Na mwaka huo huo wa 1885 Leopold alitambuliwa kuwa mwenye nchi yote ya Kongo ng’ambo ya ziwa, ikawa mali yake binafsi hadi mwaka 1908, ingawa hakuikanyaga hata siku moja. Watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini. Vijiji visivyotimiza kiasi vilichomwa, watu wakauawa, na askari wakakata mikono. Mwaka 1889 na 1890, Brussels ikawa tena mwenyeji wa mkutano wa mataifa wa kupinga utumwa, na katika mkutano huo Leopold alipata ruhusa ya kutoza ushuru kwa bidhaa zinazoingia Kongo. Hapo ndipo utakapomwona mamba kamili kama Bartholomaeus alivyomchora: jicho linamwaga machozi kwa ajili ya watumwa, na taya zinafanya kazi.

Ukitaka kumjua asiye mamba, huna haja ya kutoka Karema. Mwaka 1889 alifika hapo Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za Mto Niger, aliyekamatwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na mapadre huko Algeria, akasomeshwa utabibu kisiwani Malta. Alitibu watu wa Karema tangu alipofika mpaka umauti ulipomfika mwaka 1956, miaka 67. Leopold na Atiman wote walihesabiwa kuwa adui wa utumwa. Mmoja aliulilia mbele ya mabalozi. Mwingine aliujua kwa mwili wake, akafunga vidonda vya watu. Wasingeweza kutofautishwa kwa macho yao. Walitofautishwa kwa kile kilichopita mikononi mwao.

Hivyo, kwa walimu wenzangu mnaofundisha misemo, na kwa kila mtu anayependa lugha yake, nashauri mambo mawili. Kwanza, usimwambie mtu kwamba analia machozi ya mamba mpaka uweze kutaja anachokula. Kiongozi anayelilia maskini baada ya kula fedha za dawa zao, huyo mwite mamba bila kuogopa, maana mdomo wake umeuona. Lakini mtoto anayelia ofisini, mke anayelia barazani, mjane anayelia ndani, hao hawana kitu mdomoni, na jina hilo haliwafai. Pili, kila unapoufundisha msemo wa mamba, fundisha na methali ya samaki siku hiyo hiyo, ubaoni, zikiwa zimeandikwa jirani, ili mwanafunzi azoee kuuliza maswali mawili badala ya moja: huyu anayelia anakula nini, na ni nani mwingine anayelia ambaye sijamsikia?

Na ukimsikia mtu anawahi kulitoa jina la mamba kabla hajaulizwa, yeye tazama mdomo wake kwanza.